Vitunguu Chini, Nyanya Juu

Mtani wangu Festo,

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kuuliza hali. Yako naijua, haijabadilika tangu tulipokuacha kijijini kwenu, kwa hiyo hapo naruka. Yangu ni hii: shati limelowa mgongoni, na nimekaa kwenye benchi la mama muuza chai hapa Ruaha Mbuyuni. Rudia kusoma jina hilo polepole. Ruaha Mbuyuni, Mtani. Chini ya mlima Kitonga. Gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara ni lako, na aliyeliendesha ni mimi, Mgogo wa Mvumi, yule uliyesema akiona kilima anadhani ni ng'ombe amelala.

Naandika nyuma ya karatasi za mazoezi ya darasa la sita. Upande wa pili kuna swali: "Taja hatua tatu za mto." Miaka ishirini na tatu nimewauliza watoto wa Chamwino swali hilo, na hatua pekee niliyoiona mwenyewe ni korongo la mchanga linalopata maji wiki mbili kwa mwaka. Ulikuwa unanicheka. Ulikuwa na haki.

Mkeo na mke wangu, Mama Joyce, wameshuka mtoni kunawa uso. Mama Joyce amesema hapandi tena gari hilo mpaka moyo urudi mahali pake, basi nina muda. Acha nikueleze tangu siku ya msiba, maana siku ile ulikuwa umelala na hukuona nilivyojiharibia.

Unajua mila. Mgogo na Mhehe ni watani tangu mababu walipochoka kupigana wakaona afadhali watukanane. Msibani mtani hana adabu, na hiyo ndiyo kazi yake. Basi nilifanya kazi yangu. Pale kwako mjini, Area D, jeneza lako likiwa bado sebuleni, nilivaa kofia yako, nikatembea ule mwendo wako wa bata, nikajilaza mlangoni nikasema Mhehe huyu hatoki mpaka niletewe pombe yao ya ulanzi. Watu walicheka huku wanalia. Hata mchungaji aligeukia ukutani. Mimi nami, nilipoona nimepata hadhira, nikazidisha. Nikaziona funguo za gari lako kwenye ule msumari kando ya mlango, nikazinyakua, nikazitikisa juu.

"Gari hili ni la Wagogo kuanzia leo. Anayelitaka aje alikomboe."

Ulijua ilivyotakiwa kwenda. Wazee wenu walete jogoo, mimi nimdharau jogoo, nidai wa pili, nirudishe funguo na matusi juu yake, tuinue jeneza. Dada yako mkubwa alikuwa ameshamshika jogoo miguu. Ndipo mkeo, Mama Upendo, akanyoosha mkono pale mkekani. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi.

"Msimkomboe," alisema. "Mwacheni nazo."

Jogoo pekee ndiye aliyeendelea kulalamika.

"Shemeji, umechukua funguo," akaniambia. "Basi umechukua na safari yake."

Mtani hawezi kukataa alichokinyakua mwenyewe. Akikirudisha bila kukombolewa ni aibu ya ukoo mzima, mpaka ng'ombe watajua. Nikabaki nimesimama na funguo mkononi na kofia yako kichwani, mcheshi aliyeishiwa. Na nilijua safari gani anaisema.

Mtani, kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai. Nitaliandika hapa kwa sababu huwezi kunijibu. Ulipostaafu ukanunua gari hili, ulikuja kwangu jioni ileile, hata namba zilikuwa bado na vumbi la bandarini. Ukachora kwa kijiti kwenye ua wangu: Mtera, mlima Nyang'oro, Iringa, Kitonga, huu mto, Mikumi, milima ya Uluguru, halafu moja kwa moja mpaka Pangani, magurudumu yaguse mchanga wa bahari. Watatu: wewe, Mama Upendo, mimi. Nikakuuliza kwa nini, wakati umepita njia hizo miaka thelathini ukiwa dereva wa serikali. Ukasema, "Nimepita. Sijasimama hata siku moja."

Ukanieleza. Bosi kalala nyuma, ana kikao saa nne, na wewe mbele yako bonde linafunguka lote na jua linaingia mtoni, na huna mtu wa kumwambia "tazama." Ukasema umeiona nchi kama mtu anayenusa pilau la jirani.

Mara tatu ulipanga siku. Mara ya kwanza nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Mara ya pili nikasema kuna harusi ya binamu, na kweli ilikuwepo, ila binamu mwenyewe hakunialika. Mara ya tatu nilifunga kitambaa shavuni nikasema jino. Ukaniletea karafuu. Ulikaa na mimi saa nzima, unanionea huruma.

Jino lile halikuwa linauma, Festo.

Nilikuwa naogopa. Si kitu kingine. Mimi nimekulia mahali ambapo ukimwaga maji hayajui yaende wapi. Mwalimu wa jiografia, na nikipanda ngazi kubadilisha balbu Mama Joyce hunishika kiuno. Nilidhani nitajizoeza kidogokidogo, nitakuja kukuambia mwakani. Halafu wewe ukaosha gari asubuhi ile, ukaingia ndani kupumzika, na ndoo ikabaki uani na tambara limening'inia. Basi. Hapo sitaendelea.

Kwenye basi la kukupeleka kwenu kukuzika, tulipofika Nyang'oro nilijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Wazee walipita wananipapasa bega, "Jikaze, Mwalimu." Walidhani ni majonzi. Yalikuwepo, lakini wakati ule nusu yake ilikuwa kona.

Baada ya arobaini nikaona nijitoe kimasomaso. Nikamwambia Mama Upendo nakwenda kwanza peke yangu kuipima njia, nikirudi ndipo niwachukue. Mke wangu akauliza, "Unakwenda kuipima kwa rula?" Nikaondoka. Nyang'oro niliupanda nikilifuata lori la mahindi, mwendo wa mtu anayekwenda kukojoa, na nikashukuru kila dakika kwa lori lile. Siku ya pili nikatoka Iringa, nikapita Ilula, nikafika pale juu Kitonga inapoanza kudondoka.

Hukuniambia kwamba barabara inapotea. Ipo, halafu unaona hewa. Nikaona semitrela inashuka mbele yangu inatoa moshi kwenye magurudumu, na ile harufu ya breki. Nikasimama pembeni. Nikakaa robo saa, mikono kwenye usukani, nikisikiliza gari linavyounguruma. Halafu nikageuza.

Nilirudi Ilula, nikala wali maharage, na kwa kuwa mtu harudi safari mikono mitupu, nikanunua tenga la nyanya. Nzuri kweli, nyekundu, ngumu. Kesho yake niko Area D, nimekaa sebuleni kwako, nawasimulia bonde la Kitonga. Nilisimulia, Mtani. Kuta za mawe, mto unavyomomonyoa kingo, uoto wa asili. Yote yalitoka kwenye kitabu cha darasa la sita, na niliyapamba. Mke wangu alinitazama kama aliyeolewa upya.

Mama Upendo alisikiliza mpaka mwisho. Akanishukuru. Akaenda kwenye gari, akafungua buti, akarudi.

"Shemeji, vitunguu viko wapi?"

Nikasema vitunguu gani.

"Nyanya ni za Ilula, juu ya mlima. Vitunguu ni vya Ruaha Mbuyuni, chini. Hakuna dereva anayepita chini akarudi bila vitunguu. Buti la Baba Upendo likitoka njia ile lilikuwa vitunguu chini, nyanya juu, kama barabara yenyewe ilivyompangia. Wewe una nyanya tupu."

Akaendelea, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Akirudi na magunia ya viazi nilijua amepita Gairo. Akirudi na machungwa na nazi, amefika Tanga. Samaki wakavu, Mtera. Nilikuwa nasubiri afungue buti ndipo nijue mume wangu alikuwa wapi. Nchi hii nimeiona yote ndani ya buti, shemeji. Nikamwambia siku moja nataka kuiona mahali pake. Ndiyo maana alinunua gari."

Hiyo, Mtani, hukuniambia. Nilidhani safari ni yako, ukipenda kusimama. Kumbe ilikuwa zawadi ya mkeo, na mimi ndiye niliyeichelewesha mara tatu, mara moja kwa jino zima.

Sikuomba radhi siku ile. Mtani haombi radhi, hukaa kimya akatafuta namna. Nyanya zilipikwa, nikala nyanya zangu za uongo siku nne. Jumamosi iliyofuata nilichukua gari mapema nikaenda vilima vya njia ya Mvumi. Vilima vyetu ungevicheka, lakini vina kupanda na vina kushuka. Nikashusha na kupandisha. Jumamosi baada ya Jumamosi. Wachunga ng'ombe wakaanza kunisalimia kwa jina: "Mwalimu, leo tena?" Mzee mmoja akauliza kama gari limekataa kwenda kwingine. Nilikuwa najisemea kwa sauti lile somo lako la pale uwanjani, wakati ule ukinifundisha kuendesha gari na mimi nikiona unajidai: gia unayopandia mlima ndiyo ya kushukia. Usiitegemee breki, breki ni rafiki wa mwishoni. Miezi mitatu, Festo. Jino lilipona kabisa.

Jana asubuhi nikaenda kwako nikapiga honi. Mama Upendo alitoka na mkoba ulio tayari. Sijui aliufunga lini, nadhani siku nyingi. Nikamfungulia mlango wa mbele, Mama Joyce akapanda nyuma na kapu la chapati na kitabu chake cha nyimbo. Nikasema, "Mama Upendo, leo sipimi." Akasema, "Najua. Leo umenyoa."

Mtera tulisimama. Niliwashusha darajani, nikaanza kueleza kwamba maji haya ndiyo Ruaha Mkuu, yanapita milimani mahali barabara haiwezi, halafu tutayakuta tena upande wa pili, yatakuwa yamefika kabla yetu. Mkeo akauliza, "Hilo umeliona au umelisoma?" Nikasema nimelisoma. Akasema haya, kesho tutajua.

Nyang'oro nilipanda mwenyewe, bila lori la kufuata. Juu nikaegesha. Tukatazama tulikotoka, tambarare yote mpaka inapokuwa bluu, na Mama Joyce akasema hakujua kwamba kwetu ni kuzuri hivyo ukikutazama kwa mbali. Jioni tukafika kwenu. Mama Upendo alifagia kaburi lako, mimi nikakutukana kidogo ili usishtuke. Dada yako alitupa vitanda, akaniuliza kama jogoo wake nimeshamsahau.

Leo sasa.

Tulifika juu Kitonga saa tatu. Hewa ilikuwa palepale nilipoiacha. Nikaingiza gia ya pili, nikasema jina lako, si kwa upole, nikashuka. Nyuma Mama Joyce alianza wimbo, akawa anarudia ubeti mmoja kila kona kama kanda iliyokwama. Nyani wamekaa kwenye ukingo wanatutazama kama wasimamizi wa mtihani. Kona ya kwanza, ya pili. Nilikuwa nimeanza hata kujisifu moyoni, ndipo nikaona majani mabichi yamelazwa barabarani.

Wewe ulinifundisha: matawi barabarani, kuna gari limekufa mbele. Lilikuwepo. Lori limeziba upande wetu wote kwenye kona, na pa kupita ni upande wa bonde. Nyuma yangu basi likapiga honi. Nikakanyaga breki, gari likazima. Mtani, nilisikia mto. Uko chini sana, lakini niliusikia. Wimbo nyuma ukakoma, na hiyo ilinitisha kuliko honi.

Nikasema, "Shemeji, nadhani tushuke hapa kwanza."

Mama Upendo hakunibembeleza. Aliteremsha kioo, akachungulia bondeni, akarudisha kichwa ndani.

"Hapa utakuwa umesimama kwa woga," alisema. "Pale mbele pana nafasi. Usimame pale, kwa kutazama."

Nikawasha. Nikasukuma gia ikagoma, akaweka mkono wake juu ya wangu mpaka namba moja ikaingia, akauondoa. Mtu wa lile lori alikuwa ameshuka, ananiita kwa vidole, "Njoo, njoo, njoo, mzee, njoo." Nikaja. Sikutazama kulia, sikutazama kushoto, nilimtazama vidole kama mtoto anayejifunza kutembea. Tukapita. Alipiga mgongo wa gari akasema, "Safi, babu." Mimi, babu. Hilo nitamdai siku nyingine.

Nafasi ilikuwepo kama alivyosema. Nikaegesha, nikaweka jiwe mbele ya gurudumu, na jingine, na la tatu kwa ajili yako. Tukashuka wote.

Sitakueleza, wewe unaijua. Misitu inavyoshikilia mawe, barabara tuliyotoka nayo iko juu yetu kama mkanda uliotupwa, mto umebana chini, mweupe. Nilisimama hatua tatu kutoka ukingoni. Kisha mbili. Mama Upendo alisimama pale pale ukingoni na khanga yake imeshikwa na upepo. Alikaa muda mrefu. Magari yakapita, yote yanakimbilia vikao.

"Kumbe alikuwa anaona hivi," alisema. Halafu akasema, "Na akifika nyumbani namuuliza njia ilikuwaje. Ananiambia, 'Nzuri.'"

Akacheka. Ni mara ya kwanza tangu tukuzike. Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga, na Mama Joyce akacheka naye, na mimi nikageukia gari kukagua tairi lisilo na tatizo lolote.

Nzuri. Miaka thelathini, mwanamume una neno moja. Wahehe mna shida.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo wakarudi kutoka mtoni. Mkeo ameleta habari kwamba maji ya Mtera yamefika. Nimemuuliza ameyajuaje, akasema yana haraka kama mtu aliyetoka mbali.

Nimenyanyuka basi niende kununua vitunguu. Unavijua, vimepangwa barabarani kwenye nyavu, vyekundu, mpaka vinawaka. Nilitaka gunia zima. Nilitaka kulifungua buti lile mbele ya dunia. Nimeshamwita kijana wa vitunguu, tunashindana juu ya gunia la kulia na la kushoto, ndipo Mama Upendo akaniita kutoka kwenye gari. Ameshakaa mbele, mlango umefungwa, mkanda umefungwa.

"Shemeji, acha hivyo. Vitunguu ni vya mtu anayerudi nyumbani. Sisi bado tunakwenda."

Nimekuja kumalizia barua tu.

Nakuahidi haya, Festo. Mikumi tutasimama hata kama ni pundamilia mmoja. Uluguru tutasimama. Pangani nitaingiza magurudumu mchangani kama ulivyochora, na mkeo atashuka kwanza, na sitamwambia bahari ni nini, nitamwacha aitazame. Tukirudi nitaupanda Kitonga kwa gia ya pili, buti litakuwa limepangwa kama barabara ilivyopanga: nazi, vitunguu, nyanya juu. Tutapita kwako, utalifungua mwenyewe kwa macho yako huko uliko. Halafu nitakwenda Area D, nitazitundika funguo kwenye msumari wake, bila jogoo. Waambie wazee wenu huko wacheke watakavyo. Mgogo amerudisha bila kukombolewa, na hajaona aibu.

Lala, Mtani. Njia ilikuwa nzuri, na nina maneno mengine zaidi ya hilo, nitakuletea yote.

Mkeo amepiga honi.

Lameck